Sir Arnold Lunn: Mpanda milima aliyeisubiri theluji ya mwisho

KATIKA vijiji vya Milima ya Alps nchini Uswisi, mwezi Mei huwa ni mwezi wa kufunga milango. Hoteli nyingi husitisha huduma, treni za milimani huingia kwenye matengenezo, na wageni waliokuja kuteleza kwenye theluji tangu Desemba huwa wamekwisha kurejea makwao. Theluji ya mabondeni imeyeyuka. Ile ya miinuko ya kati imebaki mabaka mabaka, huku majani mabichi yakichungulia katikati yake.

Kwa watu wengi huo ndio mwisho wa msimu. Kwa Sir Arnold Lunn, Mwingereza aliyeishi kati ya mwaka 1888 na 1974, hapo ndipo msimu hasa ulipoanza.

Jina la Lunn limo katika historia ya michezo kwa sababu nyingine. Ndiye aliyeasisi slalomu ya kisasa mwaka 1922, mashindano ambayo mchezaji huteremka mlima kwa kasi akipita katikati ya milingoti iliyosimikwa kwenye theluji. Ndiye pia aliyepigania kwa miaka mingi mbio za kuteremka milima zitambuliwe na shirikisho la kimataifa la mchezo huo, na hatimaye ziingie katika Olimpiki.

Lakini mtu huyo huyo aliyeuletea mchezo wa skii saa ya kuhesabu sekunde, moyo wake haukuwa kwenye saa hiyo. Furaha yake kubwa ilikuwa kwenye mteremko mtupu, asubuhi ya Mei au Juni, juu ya theluji ambayo baada ya wiki chache ingekuwa maji mtoni. Na alifika huko kwa mguu mmoja uliokuwa mfupi kuliko mwenzake.

Arnold Henry Moore Lunn alizaliwa Aprili 18, 1888 katika mji wa Madras, India, ambao leo unaitwa Chennai. Baba yake, Henry Lunn, alikuwa mmisionari wa Kanisa la Methodist. Familia haikukaa sana India. Iliporejea Uingereza, mchungaji huyo alianza kuandaa mikutano ya viongozi wa madhehebu mbalimbali ya Kiprotestanti, akitafuta namna ya kuyapatanisha. Mkutano wa kwanza aliufanyia Grindelwald, kijiji cha Uswisi kilicho chini ya Mlima Eiger, mwaka 1892.

Umoja wa makanisa haukupatikana. Kilichopatikana ni biashara. Henry Lunn aligundua kwamba watu wengi wakisafiri pamoja nauli na malazi hushuka bei, na kwamba Waingereza walikuwa tayari kulipa ili kuiona milima. Mhubiri akawa wakala wa safari, na kampuni yake ikawa miongoni mwa zile zilizowazoesha Waingereza kwenda Uswisi hata wakati wa baridi. Hivyo mwanawe alikulia kwenye milima kwa sababu ambayo mwanzoni ilikuwa ya dini, kisha ya pesa.

Mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 10, Arnold alifunga skii kwa mara ya kwanza huko Chamonix, Ufaransa. Skii ni mbao mbili ndefu na nyembamba zinazofungwa miguuni, ambazo watu wa Norway walikuwa wakizitumia kwa karne nyingi kusafiria juu ya theluji. Kwenye Milima ya Alps wakati huo zilikuwa kitu kigeni. Wakongwe wa upandaji milima wa Uingereza, waliojivunia shoka la barafu na viatu vya misumari, waliziona kama kitu cha kuchezea watoto.

Lunn alisoma katika shule ya Harrow, kisha Chuo cha Balliol katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambako alianzisha klabu ya wapanda milima. Mwaka 1908, akiwa kijana wa miaka 20, aliasisi klabu ya Waingereza waliotaka kupanda milima mirefu kwa skii. Januari 1909 aliandamana na Profesa F. F. Roget wa Geneva katika safari ya kuvuka kwa skii milima ya Bernese Oberland kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakipita juu ya mito ya barafu wakati wa baridi kali.

Ilionekana kama mwanzo wa maisha marefu ya mpanda milima. Miezi michache baadaye, katika kiangazi cha mwaka huo huo, alikuwa akipanda majabali ya Cader Idris huko Wales pale jiwe alilolishikilia lilipong’oka. Alianguka vibaya. Mfupa wa mguu ulivunjika na kutokeza nje, na kwa muda ilihofiwa kwamba mguu wenyewe ungekatwa.

Haukukatwa, bali ulipona ukiwa mfupi kwa sentimita kadhaa, na kidonda chake kiliendelea kuwa wazi kwa takribani miaka 11. Mtu mwingine angechagua vitabu na kiti cha kuegemea. Lunn alivichagua vitabu kweli, maana aliandika zaidi ya 50 katika uhai wake. Kiti ndicho hakukichagua. Alijifunza upya kutembea, kisha kupanda, kisha kuteleza, huku kidonda kikiwa bado kimefungwa bandeji.

Pengine hapa ndipo penye siri ya mapenzi yake kwa skii. Kwa mpanda milima wa kawaida, kushuka ni adhabu: magoti yanauma, jua limechoma theluji, miguu inazama hadi mapajani, na kileleni kulikotamaniwa hakuonekani tena. Kwa mtu mwenye mguu mbovu adhabu hiyo ni maradufu. Skii huugeuza ushuru huo kuwa zawadi. Kinachopandwa kwa saa sita hushukwa kwa dakika arobaini, na mguu haubebi mwili bali hubebwa nao.

Ila si kila theluji inatoa zawadi hiyo, na ni katika jambo hili ambapo Lunn aliwatangulia wenzake.

Msomaji ambaye theluji ameiona kwa mbali tu, ikiwa weupe juu ya Kibo, anaweza kudhani kwamba theluji ni theluji. Sivyo. Inayoanguka katikati ya majira ya baridi huwa nyepesi kama unga, nayo ni tamu kuteleza, lakini ni kigeugeu. Upepo huihamisha na kuirundika upande mmoja wa mlima, ambako husubiri uzito mdogo tu ili iporomoke yote. Mito ya barafu ya milima mirefu ina nyufa za kina kirefu, na mwezi Januari nyufa hizo hufunikwa na daraja jembamba la theluji laini, lisiloweza kumhimili mtu. Mchana ni mfupi, na baridi ni ya kugandisha vidole.

Mwezi Mei mambo hugeuka. Theluji imekwisha kushindiliwa kwa uzito wake yenyewe. Kila mchana jua huyeyusha tabaka la juu, na kila usiku baridi huligandisha tena. Baada ya majuma kadhaa ya kuyeyuka na kuganda, zile chembe nyepesi huungana na kuwa punje za mviringo, kama chumvi ya mawe. Alfajiri punje hizo huwa zimeshikamana na kufanya ukoko mgumu, unaoweza kumbeba mtu na mizigo yake bila kuacha alama. Madaraja juu ya nyufa yameimarika. Mpandaji hutembea kwenye sakafu.

Kisha jua linachomoza. Kwa muda fulani ukoko unabaki mgumu na hatari, mithili ya kioo. Halafu sentimita moja au mbili za juu zinalainika, huku chini yake pakiwa bado pamekaza. Hapo ndipo penyewe. Skii hugeuka kwa wazo tu, bila nguvu. Punje zilizolegea hutiririka pembeni na kutoa mlio kama wa mchanga unaomwagwa. Na anayeteleza anaweza kwenda kasi bila hofu, kwa kuwa kila hatua ya mteremko inafanana na iliyotangulia. Hakuna unga wa kumficha jiwe, hakuna ukoko wa kuvunjika ghafla.

Hali hiyo haidumu. Saa moja, pengine mbili, na jua limekwisha kuifikia theluji ya chini. Ukoko unakuwa uji. Anayechelewa huzama hadi magotini, na juu yake mlima unaanza kuangusha maporomoko ya theluji nzito iliyojaa maji. Wahenga wetu walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na hakuna mahali ambapo usemi huo unatimia haraka kama kwenye mteremko wa Mei unaotazama mashariki.

Ndiyo maana theluji ya machipuko inamtaka mtu ajue kuhesabu. Mteremko wa mashariki hulainika kwanza, wa kusini hufuata, wa magharibi husubiri mchana, na wa kaskazini unaweza kukaa na ubaridi wake siku nzima. Mwenye kujua hupanga safari nyuma mbele: huanza na saa anayotaka kuwa kwenye mteremko, kisha hurudi hadi saa ya kuamka, ambayo mara nyingi ni saa saba au nane usiku. Akiwa na bahati na ujuzi, anaweza kulifuata jua kuuzunguka mlima na kula utamu huo zaidi ya mara moja katika siku moja.

Lunn aliyachunguza mambo haya kwa bidii ya mwanafunzi wa sayansi ingawa hakuwa mwanasayansi. Mwaka 1921 alichapisha kitabu kuhusu kuteleza kwenye Milima ya Alps katika kimo chochote na majira yoyote, na humo akaeleza aina za theluji, namna zinavyozaliwa na kufa, na wapi maporomoko hutarajiwa. Hoja yake kuu ilikuwa nyepesi kuisema na ngumu kukubaliwa: kwa milima mirefu, majira bora ya skii si baridi bali ni machipuko, na watu walikuwa wanafungasha mizigo siku ileile karamu inapoandaliwa.

Hakuwa akihubiri asichokitenda. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, jeshi halikuwa na nafasi kwa mtu mwenye mguu kama wake. Alikwenda Mürren, kijiji cha Uswisi kilichokaa kwenye ukingo wa jabali, kiasi cha mita 1,640 juu ya usawa wa bahari, kikitazamana na milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau. Uswisi haikuwa upande wowote vitani, na Mürren palihifadhiwa askari majeruhi wa Uingereza waliotolewa kwenye kambi za wafungwa za Ujerumani. Lunn alikuwa miongoni mwa waliowahudumia wafungwa hao wa vita.

Ni kutoka katika maisha hayo, Ulaya ikiwa inateketea, ambapo Juni 1917 aliondoka na kiongozi wa wapanda milima Josef Knubel, mzaliwa wa bonde la Zermatt na mmoja wa viongozi hodari kabisa wa enzi zake. Walilenga Dom. Mlima huo una kimo cha mita 4,545, karibu sawa na Mlima Meru wa Arusha, na ndio mrefu kuliko yote ambayo imo nchini Uswisi kwa ukamilifu wake bila kuwa mpakani.

Juni ni kiangazi. Mabondeni watu walikuwa wanakata majani ya mifugo. Wazo la kubeba skii mabegani kuvuka malisho yenye maua, ili kuzifunga miguuni maelfu ya mita juu, lilikuwa la kuchekesha. Juni 18, 1917 wawili hao walifika kileleni, na Dom ikawa imepandwa kwa skii kwa mara ya kwanza katika historia. Lunn alikuwa na miaka 29 na kidonda ambacho kilikuwa bado hakijapona.

Kilele chenyewe hakikuwa kigeni kwa wapanda milima. Kilikuwa kimepandwa kwa miguu tangu karne ya 19. Kilichokuwa kipya ni kushuka. Juu, theluji ya Juni ilikuwa bado nyingi, nene na iliyotulia kuliko ilivyowahi kuwa Januari.

Mei 18, 1924 alirudia ushahidi huo mahali ambapo hakuna aliyeweza kuupuuza. Akiwa na Waswisi Fritz Amacher, Walter Amstutz na Willy Richardet, alifika kileleni mwa Eiger, mlima wenye sifa mbaya kuliko yote ya eneo hilo, katika safari inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuupanda kwa skii. Sehemu ambazo barafu na mawe havikuruhusu walizipita kwa miguu, na palipokuwa na theluji ya kutosha waliteleza.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba alichokipenda ni vilele tu. Katika maandishi yake anarudi mara nyingi kwenye sehemu ya mwisho ya safari, pale theluji inapokwisha. Kushuka mwezi Mei hakuishii kwenye mlango wa hoteli. Uwanda mpana wa juu hugawanyika kuwa ndimi za theluji zinazoshuka kwenye mabonde madogo yenye kivuli. Mtelezaji huchagua ulimi mmoja, akitumaini kwamba hautakatika mapema, na kuufuata hadi unapokuwa mwembamba kama njia ya mguu. Ukikatika, huvua skii, huvuka majani yaliyolowa, huutafuta mwingine.

Kwenye kingo za theluji hiyo huchipua maua ya krokasi, meupe na zambarau, na madogo ya soldanela ambayo hayangoji theluji iondoke bali huitoboa. Chini zaidi miti ya cheri imechanua. Kwa hiyo kwa asubuhi moja mtu huanza kwenye baridi ya barafu isiyo na uhai wowote na kumaliza kwenye harufu ya udongo na kengele za ng’ombe. Lunn aliamini hakuna msimu mwingine unaoweza kumpa mtu mawili hayo kwa wakati mmoja, na katika hilo ni vigumu kumpinga. Anayeteleza kwenye theluji nene ya Februari hafikirii mita inayofuata. Anayeteleza kwenye ulimi wa mwisho wa Mei huihesabu kila moja.

Mashindano aliyoyaanzisha yalitokana na mtazamo huo huo. Alikuwa akiandaa mbio tangu kabla ya vita. Januari 1911, huko Montana, Uswisi, kombe lililotolewa na Jenerali Lord Roberts wa Kandahar liligombewa kwa mara ya kwanza katika mbio zilizoanzia kwenye kibanda cha wapanda milima na kuvuka uwanda wa barafu. Ndivyo jina la mji wa Afghanistan, ambako jenerali huyo alipata cheo chake, lilivyoingia katika mchezo wa theluji. Klabu ya Kandahar ambayo Lunn aliiasisi Mürren mwaka 1924 imelibeba hadi leo.

Slalomu ilizaliwa Mürren Januari 1922. Kabla ya hapo walikuwapo majaji waliotoa alama kwa uzuri wa mikunjo ya mwili. Lunn aliuona upuuzi huo. Alisimika milingoti ya bendera miwili miwili, akaamua kwamba anayepita kote kwa muda mfupi ndiye mshindi, awe ameinama au amesimama wima. Milingoti ilikuwa badala ya miti: alitaka kupima kama mtu anaweza kushuka kwa kasi katikati ya msitu, kama ambavyo mlima halisi humdai.

Nchi za Skandinavia, zilizouona mchezo kuwa ni mbio za uwandani na kuruka, zilimpinga kwa miaka kadhaa. Mwaka 1928 yeye na Mwaustria Hannes Schneider, mwalimu mashuhuri wa skii wa kijiji cha St. Anton, walianzisha mashindano ya Arlberg-Kandahar. Mwaka huo huo wanachama wa klabu yake walianzisha mbio za Inferno, kutoka kilele cha Schilthorn, mita 2,970, hadi bondeni Lauterbrunnen. Mwaka 1930 shirikisho la kimataifa likasalimu amri, na mwaka 1931 Mürren ikaandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya kuteremka na slalomu. Wanawake walishiriki tangu siku ya kwanza, na Mwingereza Esmé Mackinnon alishinda mbio zote mbili. Kwa zama zile halikuwa jambo dogo.

Ushindi huo ulimfikisha mahali pachungu. Olimpiki ya kwanza kuwa na mbio za kuteremka ilikuwa ya Garmisch-Partenkirchen, mwaka 1936, katika Ujerumani ya Adolf Hitler. Lunn alikuwa mwamuzi wa slalomu. Mwanawe Peter, aliyekuwa nahodha wa timu ya Uingereza, alishindana lakini akakataa kuandamana katika sherehe ya ufunguzi. Mchezo ambao baba aliuona kuwa ni urafiki kati ya watu na mlima ulikuwa umepewa bendera na sare.

Miaka miwili baadaye mambo yalimgusa karibu zaidi. Machi 1938, Arlberg-Kandahar ikiwa imebakiza muda mfupi kufanyika St. Anton, majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Schneider, aliyejulikana kwa kuwachukia Wanazi na kuwa na marafiki Wayahudi, alikamatwa mara moja. Wachezaji walikwisha kuwasili, na wenyeji wapya walitaka mashindano yaendelee. Lunn aliyafuta. Hakuwa na jeshi wala wadhifa serikalini, alichokuwa nacho ni mbio za skii, na hizo ndizo alizozizuia. Schneider baadaye aliachiwa na mwaka 1939 akahamia Marekani. Mashindano hayakurudi kijijini kwake hadi baada ya vita.

Inafaa kusema pia kwamba hukumu zake za kisiasa hazikuwa sawa siku zote. Lunn, aliyekuwa mkosoaji wa dini kwa miaka mingi, alijiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1933 baada ya kujibizana kwa barua na Padri Ronald Knox, na akawa mtetezi mkali wa imani hiyo. Ukali huo ulimpeleka kumuunga mkono Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, na mwaka 1937 alichapisha kitabu chenye msimamo huo. Aliyeutambua udhalimu mara moja ulipoingia St. Anton hakuutambua kusini.

Serikali ya Uingereza ilimtunukia cheo cha Sir mwaka 1952 kwa mchango wake katika skii na katika uhusiano wa nchi yake na Uswisi. Aliuhariri mwaka hadi mwaka mkusanyiko wa maandishi ya skii ya Uingereza tangu mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza hadi mapema miaka ya 1970, na humo mtu anaweza kumwona akizeeka na kuanza kusikitika.

Alichosikitikia ni mafanikio yake mwenyewe. Mbio zilihitaji njia zilizoshindiliwa na kulainishwa. Njia zilihitaji mitambo ya kuwapandisha watu. Mitambo ilihitaji umati wa kuilipia. Mtelezaji wa miaka ya 1960 aliweza kushuka mara kumi kwa siku kwenye mteremko uleule uliopigwa pasi, bila kuinama hata mara moja kuitazama theluji iliyo chini ya miguu yake. Lunn aliona kwamba kizazi kimepata kasi na kupoteza usomaji. Kwenye theluji ya Mei, juu ya mito ya barafu, mashine hazikuwa na kazi, na pengine hiyo ilikuwa sababu nyingine ya kuitukuza hadi mwisho.

Alifariki dunia jijini London Juni 2, 1974, akiwa na umri wa miaka 86. Mkewe wa kwanza, Mabel, alikuwa amefariki mwaka 1959, naye alioa tena mwaka 1961. Mwanawe Peter, ambaye mbali na skii aliitumikia idara ya ujasusi ya Uingereza, aliendelea kuteleza Mürren hadi uzeeni na kufariki mwaka 2011.

Theluji aliyoiandikia Lunn sasa haina uhakika kama zamani. Mito ya barafu ya Uswisi ilipoteza takribani asilimia 10 ya ujazo wake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023. Agosti 2023 hewa juu ya nchi hiyo ilikuwa na joto la zaidi ya nyuzi sifuri hadi kwenye kimo cha karibu mita 5,300, juu kuliko kilele chochote cha Milima ya Alps. Usiku usipogandisha, ukoko haujengeki, na bila ukoko hakuna ile saa moja ya asubuhi. Wanaoifuata bado wapo. Huanza mapema zaidi katika mwaka, huamka mapema zaidi usiku, na hubeba skii mabegani kwa mwendo mrefu zaidi kabla ya kufika palipo peupe.

Mbio za Inferno bado hufanyika Mürren kila Januari, zikiwa na washiriki zaidi ya 1,800. Ifikapo Mei, kijiji huwa kimya.